Simu Isiyoona Nyusi

Hebu nikuulize: wewe ukiulizwa kama unataka kitu, unajibu kwa kutumia nini? Kwa mdomo, sivyo? Basi kwa kina Matrona, katika kijiji cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huko, kilichojibanza kwenye kona ya mto kule Alaska, mdomo wameuachia chai na masimulizi. Ndiyo yao ni kuinua nyusi. Hapana yao ni kukunja pua. Mtoto wa huko hajaanza hata kusema mama, lakini mwulize kama ameshiba, atakukunjia pua, nawe utakwenda kumwongezea.

Matrona alikuwa na nyusi nzuri, nyembamba, za kijivu. Ila kuomba hakujua. Mama yake alimlea hivi: mtu mwenye adabu hasemi "nataka", anatulia, na walio karibu naye wataona wenyewe. Basi akatulia. Alitulia mpaka meno yakapungua mdomoni, na kitu alichokitaka hakuna aliyekiona.

Kitu chenyewe kilikuwa kiinuko cha nyuma ya kijiji, pakavu, penye upepo usioruhusu nzi kutua. Hapo ndipo mama yake alipokuwa akianika samaki wake wa samoni. Kisha ikaja sheria ya ardhi, na kila kijiji kikaambiwa kimege kipande kikabidhi kwa serikali ya jimbo, itunze, ili siku mji utakapokuja kuanzishwa usikose pa kukaa. Kikamegwa kiinuko hicho; mama akang'oa vichanja vyake, akahamia ukingoni mwa mto. Miaka ikaenda. Mji haukuja. Waliokuja ni mbu.

Sasa ukingo nao ulikuwa ukimegeka kila masika, barafu inapopasuka. Mwaka huo banda la Matrona la kukaushia samaki kwa moshi lilikuwa na nguzo moja inayoning'inia hewani, na yeye alilifunga kwa kamba ya bluu kwenye pipa lililojaa mchanga. Samoni walikuwa karibu kupanda mto.

"Mke wangu mdogo," Evon alimwita akipita kwenye njia ya mbao, "mwaka huu samaki wako wakishakauka watarudi mtoni wenyewe, tena na banda lao!"

Evon hakuwa mumewe wala nini. Alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, na kwao binamu wa namna hiyo ni watani mpaka kaburini.

"Mume wangu mdogo, wakirudi watakukuta wewe umeshatangulia, kwa hayo magoti yako."

"Si ulihamishie kule juu?"

Matrona akakunja pua. Kule juu si kwao. Evon alijua, kila mtu alijua.

Ndipo ikaja sheria mpya: ule mji ambao haukutokea, ardhi yake irudi kwa wanakijiji, kama wenyewe wanaitaka. Ofisi iliyokuwa ikiitunza ikapanga kumtuma mtu aje aulize. Siku ya mkutano ukungu ukashuka mpaka kwenye mapaa, ndege ikashindwa kutua, na yule afisa, Bwana Halvorsen, ikabidi aulizie kwenye simu akiwa hukohuko mjini kwake Anchorage.

Ukumbi ulijaa. Matrona alivaa qaspeq yake ya maua ya zambarau, gauni la kwao lenye mfuko mkubwa mbele, na mfukoni alikuwa na kipande cha samaki mkavu endapo mkutano ungerefuka. Kulikuwa na bakuli la akutaq, matunda ya mwituni yaliyopigwa na mafuta na sukari, na biskuti ngumu za kuchovya. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti juu.

"Habari zenu wote," ikasema simu. "Nitauliza jambo moja tu. Je, mnataka ardhi yenu irudi?"

Nyusi zikapanda ukumbi mzima, pamoja na za mwenyekiti Wassillie, mtoto wa mdogo wake Matrona, aliyeiinamia simu kabisa ili imwone vizuri.

Simu ikasubiri.

"Mpo?"

"Tupo," alisema Wassillie.

"Basi narudia. Mnataka irudi?"

Safari hii nyusi zilipanda mpaka kofia zikasogea. Mzee mmoja aliziinua na kuziacha hukohuko juu, asije akadhaniwa amebadili mawazo. Simu ikakohoa.

"Nimeelewa," ilisema kwa upole. "Hakuna anayeitaka. Hilo si kosa, vijiji vingine huwa havina haja. Nitaandika hivyo, tutaulizana tena mwaka ujao."

Mwaka ujao! Matrona aliiona akilini ile kamba ya bluu, akaliona pipa likiburutwa majini. Ukumbi ukageuka kumtazama yeye, maana ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na kwao mdogo hatangulii kutoa jibu la wote mbele ya wageni, hata huyo mgeni awe ndani ya simu.

"Mama mkubwa," Wassillie alinong'ona, jasho likimtoka, "tunakusubiri wewe."

Matrona akainua nyusi.

"Usiniinulie mimi! Mjibu yeye, kwenye simu!"

"Mke wangu mdogo," alisema Evon akiwa na akutaq kwenye masharubu, "mbele ya nyusi hizo mimi ningeshakupa hata mashua yangu. Lakini huyo bwana haoni. Fungua mdomo, au umeubakishia kunitukana mimi tu?"

Watu wakacheka. Matrona naye akacheka, na kicheko kikamfungua koo. Akaweka kikombe chini, akainama mpaka pumzi yake ikagonga simu.

"Bwana, usiandike kwanza. Mimi naitwa Matrona. Hapa watu wote wameinua nyusi tangu ulipouliza mara ya kwanza, tena wengine shingo zinawauma. Ardhi tunaitaka."

"Samahani sana, mama," ilisema simu. "Kumbe. Na wewe mwenyewe, kuna sehemu unayoitaka?"

Nyusi zilianza kupanda zenyewe. Akazishusha kwa kidole.

"Kile kiinuko," alisema. "Nakitaka. Nimekitaka tangu nikiwa msichana. Nataka nianike samaki pale alipokuwa akianika mama yangu."