Hajafa, Hayupo

Majirani walimwita Mama Futi, kwa sababu utepe wa kupimia nguo haukumtoka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa fundi cherehani mcheshi, mdomo haukai. Lakini tangu mumewe, fundi umeme, atoke asubuhi kwenda kazini na asirudi, maneno yalimkauka. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika. Hakuna simu, hakuna maiti, hakuna hata fununu.

Kituo cha polisi alikwenda mpaka akachoka kuchoka. Kila akifika, mpelelezi alimjibu, "Tunalifanyia kazi, mama." Siku moja akaongeza kwa kicheko, "Wanaume hawa! Huenda ana mji mwingine huko." Siku hiyo Mama Futi alirudi kwenye cherehani, akamshonea mteja gauni, mkono mmoja juu, mwingine chini.

Kisha binti yake akachaguliwa kwenda kucheza mpira wa wavu nchi jirani na timu ya shule. Kumbe pasipoti inataka saini ya baba.

"Baba yake hajulikani alipo," Mama Futi alimweleza karani.

"Basi lete cheti cha kifo."

"Hajafa."

"Mama, mtu ama yupo ama hayupo. Mimi nina foleni hapa."

Alifika nyumbani jioni. Mama mkwe wake, aliyekaa nao, alikuwa anachambua mchele. Mama Futi alisita kumwambia. Ndugu wa mume walikuwa wameshaanza kusema matanga yawekwe, mambo yaishe, na hakujua bibi huyu yuko upande gani.

"Wanataka nimzike kwa karatasi, mama."

Bibi akaweka ungo chini. "Huyo karani ndiye aliyemzaa? Kesho tunatoka wote."

Walikwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, dada mmoja aliyekuwa na mafua mabaya, anaongea huku anapenga kamasi.

"Samahanini, pua yangu leo haina adabu," alisema. "Sikilizeni. Mahakama inaweza kumtangaza kuwa hajulikani alipo, wewe ukasimamia mambo ya watoto na nyumba mpaka ukweli ujulikane. Hapo hakuna anayetangazwa marehemu. Na polisi wanatakiwa kuwaambia wamefanya nini. Hiyo si hisani. Ni haki yenu."

"Haki yangu," Mama Futi alirudia polepole, kama mtu anayejaribu nguo aliyodhani si saizi yake.

Siku ya kesi, hakimu alimuuliza mpelelezi swali jepesi tu: simu ya fundi umeme ilizimikia wapi? Mpelelezi akakohoa, akapekua jalada mbele na nyuma.

"Taarifa hizo... tulikuwa bado hatujaziomba, mheshimiwa."

Mama mkwe akasimama bila kuitwa. Askari wa mlangoni akamwonyesha ishara akae. Hakimu akasema mwacheni.

"Mwanangu," alimwambia hakimu, aliyekuwa na mvi kama zake, "siombi mnirudishie mtoto leo. Naomba niambiwe mmemtafuta wapi. Nikijua hapo, nitajua kama nilie au ningoje."

Machozi yalimtoka Mama Futi. Siku zote hizo alidhani anambeba mume huyo peke yake, kumbe chumba cha pili pale nyumbani kulikuwa na mtu ameinamia mzigo uleule.

Hakimu alitoa amri zote mbili: ya kumtangaza fundi hajulikani alipo, na ya polisi kueleza walichofanya. Pasipoti ikatoka. Timu ikaenda, ikafungwa vibaya, na binti akarudi anasimulia kipigo hicho kwa furaha kana kwamba ni ushindi.

Mpelelezi naye alikuja nyumbani alasiri moja, kofia mkononi. Simu ilizimikia karibu na gereji moja nje ya mji, alisema. Mwenye gereji anamkumbuka fundi: alimtengenezea taa, kisha akapanda pikapu ya kijani iliyokuwa inakuja huku.

"Huku?" Mama Futi aliuliza.

"Huku. Alimwambia anawahi nyumbani."

Mama mkwe akapiga makofi, akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati. "Niliwaambia! Mwanangu ana mji mmoja tu!"

"Pikapu tunaitafuta," mpelelezi alisema. "Na yale maneno yangu ya siku ile, mama, nisamehe."

"Nitakusamehe ukija tena. Njoo hata kama hujapata kitu."

"Nitakuja."

Jumamosi walikwenda gerejini wenyewe, bibi, mama na binti. Mwenye gereji aliwatafutia viti, akafuta grisi mikononi, akaanza kusimulia tangu mwanzo. Alipofika pale ambapo fundi umeme aliguswa na waya, akaruka, akajicheka mwenyewe, binti akamkatiza.

"Samahani, mjomba. Hapo alipocheka, hebu rudia."

Naye akarudia.