Msichana Aliyetoka Tumboni kwa Zimwi

Swabrah alikataa kutia sahihi. Karatasi yenyewe ilikuwa fupi: naahidi sitaandika tena hadithi za uasi, na daftari langu lichomwe mbele ya wanafunzi wote. Asipotia sahihi, hana shule. Madamu Topista, mwalimu wa nidhamu wa shule yao pale Mpumudde, Jinja, alimpa siku tatu amlete mzazi. Mzazi wa Swabrah ni bibi yake Kadija, aliyemlea Malukhu kule Mbale, kwa hiyo msichana akapanda basi kumfuata.

Na kosa lake nini hasa? Hadithi. Ni ile ile anayoijua kila mtoto: msichana anakataa wachumba aliochaguliwa, anaolewa na mgeni mzuri, kumbe zimwi, anamezwa, na hapo inaishia ili wasichana washike adabu. Swabrah aliiandika upya. Msichana wake alimezwa akiwa na kisu cha kumenyea ndizi kiunoni, akatoka na wote waliomezwa kabla yake, na aliporudi kwao hakumwomba mtu radhi. Daftari lilizunguka bweni zima mpaka jalada likang'oka. Wasichana wa miaka kumi na sita, wasioshika kitabu bila kutishiwa mtihani, waligombania zamu, maana kwa mara ya kwanza aliyemezwa alikuwa mwenzao naye hakufa. Sasa hilo ndilo la kuchoma?

Swabrah hakumwogopa Madamu. Aliyemtia hofu ni bibi, kwa sababu ndiye aliyemsimulia hadithi ile tangu utotoni. Njia nzima kurudi Jinja bibi alivuta tasbihi, hakuuliza neno, na Swabrah aliumia moyoni akidhani amemvunjia heshima.

Ofisini Madamu alimpa bibi kiti, akamweleza kwamba mjukuu wake ameharibu hadithi za wazee. Kisha akafungua daftari asome mwenyewe, kwa sauti ya kubeza, ili mama wa watu aone haya. Akasoma sentensi mbili, akatua.

"Twende," akasema bibi.

Madamu akainua macho. Bibi akamweleza kwa upole kwamba nyumbani kwake msimulizi akitua lazima aitikiwe, ndiyo heshima yake. Madamu akaendelea, na kila alipotua aliitikiwa. Swabrah akasikia kule kubeza kunamtoka kidogo kidogo, mpaka akawa anasoma kama mtu anayetaka kujua. Msichana alipomezwa, Madamu akashtuka, akafunga daftari na kusema inatosha.

"Haitoshi, mwalimu," akasema bibi. "Aliyeanza hadithi haiachi njiani. Ukifunga hapo, ni wewe uliyemwacha tumboni."

Loo, mwalimu wa nidhamu akafungua tena. Akasoma kisu, akasoma giza na joto la mle ndani, akasoma wale wote wakitoka wametapakaa damu, na msichana akiingia uani kwao kichwa juu.

"Mimi niliozwa nina miaka kumi na mitano," bibi akasema, akimtazama Swabrah badala ya Madamu. "Kila nilipowasimulia ninyi wajukuu, nikifika tumboni nilinyamaza. Sikujua mtu anatokaje."

Swabrah akaitoa mfukoni ile karatasi ya ahadi, akairudisha mezani mbele ya Madamu bila sahihi vile vile.

"Nifukuze ukitaka, Madamu. Sitii sahihi."

Madamu hakuigusa karatasi. Alikuwa ameliweka daftari kifuani, mikono miwili juu yake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Huyu msichana, kama hakuomba radhi, wakamkubali nyumbani? Akaenda kuishi wapi?"

Swabrah akanyoosha mkono.

"Lete daftari, niandike."

Madamu akampa.