Kitufe Kiziwi

Tangu asubuhi Vestina alikuwa akihangaika na kitufe cha kununulia kwenye tovuti aliyokuwa akimtengenezea Asia, muuza vitenge wa Kasulu. Kwenye msimbo anakiandikia “rangi: kijani”, chenyewe kimekaa kijivu tu. Anafuta, anaandika tena, wapi! Macho yakimuuma, akampigia Fidele wa Kibondo, aliyekitengeneza.

“Kitufe chako kiziwi? Nakipa rangi, hakipokei!”

“Dada, hicho hakijui rangi. Nilikiandika kipokee *ibara*, rangi kwa Kiha chetu cha nyumbani.”

Vestina akakumbuka jambo. Jana tu mama yake alisifia *ibara* la gauni lake, naye akamkaripia mbele ya wageni: “Mama, sema rangi!”

Akafuta neno “rangi”, akaandika *ibara*. Kitufe kikageuka kijani papo hapo, na uso ukamshuka.