Pedi Zilizolazwa Maguu

Mzee Tobias wa Maguu hakuwa na ugomvi na gari la binti yake mpaka mwezi wa nne, siku lilipokataa kusimama. Kabla ya hapo alilionea fahari kimya kimya, Subaru nyeupe iliyokaa chini kama kuku anayeatamia, yenye bomba la moshi lililowakera majirani wote. Oliva ni mwalimu wa hisabati mjini Mbinga. Ana leseni ya mashindano, ana kofia ngumu, na kila baada ya miezi mitatu yeye na wenzake hushuka ziwani, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege walikopanga matairi ya kuonyesha kona, na kukimbia mmoja mmoja kushindana na saa. Siku hiyo ya mwezi wa nne, kwenye mzunguko wa sita, breki zilipata moto mpaka zikaacha kushika. Oliva alikanyaga, pedeli ikazama mpaka sakafuni, gari likaishia kwenye shamba la mihogo la watu. Alitoka humo anacheka. Baba yake hakucheka.

Mungu alimpa mtoto mmoja tu, naye ndiye huyo. Kumkataza hakuweza, utamkataza vipi mtu wa miaka thelathini na mbili anayekununulia dawa za presha? Basi Tobias akaamua jambo moja: kama ni lazima akimbie, ni lazima pia asimame.

Mwezi wa saba, siku mbili kabla ya mbio, pedi mpya za breki zikafika Mbinga kwa basi. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa ametuma seti mbili, wachague moja, nyingine wairudishe. Oliva alikuwa anasimamia mitihani, kwa hiyo mzigo aliupokea baba yake. Gereji ya fundi Wendelin aliikuta imefungwa, mwenyewe yuko Mapera kwenye kipaimara cha mpwa wake. Tobias akampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Wendelin. Pedi ninazo. Kuna boksi jekundu na boksi jeusi. Nieleweshe."

"Za boksi jekundu ni za mbio zenyewe, mzee. Ngumu. Hata diski iwake moto, zenyewe zinashika tu. Za boksi jeusi ni za kati, za kiwanjani na za barabarani pia. Oliva anataka zile ngumu. Mimi bado napima."

"Unapima nini? Mtoto aliingia mihogoni! Funga zile ngumu."

"Haya mzee, tutaona kesho. Ila pedi mpya haziendi kiwanjani hivi hivi. Lazima zilazwe kwanza."

"Zilazwe?"

"Zilazwe vizuri, mzee. Usipozilaza..."

Hapo vigelegele vikapanda upande wa Mapera, na mtandao ukakatika.

Mtu mwingine angepiga tena akauliza zinalazwaje. Tobias hakuona cha kuuliza. Kwa miaka arobaini amechuma kahawa, akaimenya, akailaza kwenye maji mpaka ute ulegee, akaiosha. Maharage yake hulazwa, mahindi ya kande hulazwa. Kama kuna jambo mzee huyu analijua hapa duniani, ni kulaza. Alifika nyumbani, akasugua ndoo kwa majivu, akazipanga pedi nne ngumu ndani yake, akajaza maji ya mtoni, akafunika. Alfajiri aliamka, akamwaga maji, akaweka mengine. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote na kahawa: akaisugua pedi moja kwa vidole kusikiliza kama imeiva. Ikakwaruza. Kahawa ikikwaruza hivyo, ujue tayari. Akaridhika kabisa, akapanda bodaboda na ndoo yake mapajani.

Wendelin alifungua mfuniko, akachungulia. Akainua pedi moja, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mzee, hizi zimepatwa na nini?"

"Nimezilaza kama ulivyosema. Maji nimebadilisha mara moja. Zimekwaruza vizuri."

Fundi akaketi juu ya tairi. Mabega yalianza kumtikisika, na Tobias, aliyekuwa anamwangalia usoni, hakujua kama ni kicheko au kilio. Kilikuwa kicheko, tena cha mtu anayejizuia kwa sababu ya heshima na anashindwa.

"Kulaza kwetu sisi mafundi," alisema alipopata pumzi, "ni kukimbiza gari na kukanyaga breki, mara kumi hivi, mpaka pedi ilalie diski, zizoeane. Maji hayahusiki, baba yangu. Hata tone."

Tobias hakuweza kucheka. Alikuwa amekuja kumlinda mwanawe, kumbe amemharibia breki kwa mikono yake, na kesho ndiyo mbio. "Zianikwe," alisema. "Jua litatoka."

"Zitakauka, ndiyo. Lakini pedi imegandishwa kwenye bati kwa gundi, na hiyo gundi imelala majini usiku kucha. Labda haina neno. Sasa hiyo labda, mzee, mimi simfungii Oliva."

Akafunga za boksi jeusi. Jioni Oliva alipotoka shuleni na kusikia habari nzima, alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari, kisha akamwona baba yake alivyojikunyata, akaacha. Wakaenda wote watatu kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji, wakazilaza pedi kifundi, kukimbia na kukanyaga, kukimbia na kukanyaga, mpaka harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tobias alishika mkanda wake njia nzima. Moyoni alikuwa na neno moja tu: nimemletea zilizo dhaifu.

Asubuhi ya Jumamosi waliteremka ziwani wote watatu, fundi kwenye kiti cha nyuma. Baridi ya mwezi wa saba unaijua. Ukungu ulikuwa umeziba milima, na Oliva alienda taratibu kwa sababu ya baba yake. Kwenye sehemu ya juu walikuwa wamepanda tu, breki haijaguswa. Mteremko ukaanza, kona ya kwanza ikafika, na nyuma ya kona kulikuwa na lori limekatika ekseli, limelala upande mzima wa barabara. Matawi ya kuonya yalikuwa yamewekwa hatua tano tu kutoka kwenye lori lenyewe. Oliva akakanyaga.

Gari likashika. Likainamisha pua, likasimama, na kati yao na lori nafasi ya kupita mtu ikabaki. Tobias alisikia moyo wake mwenyewe, kisha akasikia sauti ya Wendelin nyuma yake.

"Zile ngumu hazishiki mpaka zipate moto," alisema fundi polepole. "Hilo ndilo nililokuwa napima. Kwa baridi hii, hapa, zingekuwa bado zimelala."

Oliva akageuka akamtazama baba yake. "Na mimi ndizo nilizozitaka."

"Na mimi nilimlazimisha fundi azifunge." Tobias alianza kucheka, machozi yakamtoka, akacheka hivyo hivyo akiyafuta kwa kofia, na binti yake akamshika mkono, wakakaa mpaka dereva wa lori akaja kuuliza kama kuna aliyeumia.

Kiwanjani Oliva alizunguka mara kumi na mbili. Mzee alikwenda kusimama mwisho wa sehemu iliyonyooka, palepale mkabala na mihogo, na kila mara gari jeupe lilipokuja kwa kelele zake lilipunguza mwendo, likakata kona, likaenda zake. Kufikia mzunguko wa nane alikuwa amelegeza mabega. Kufikia wa kumi alikuwa anashangilia kuliko vijana.

Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga akamsogelea. "Baba, yule anayekimbia ni nani?"

"Mwanangu," alisema Tobias.

"Huogopi?"

"Niogope nini? Anasimama anapotaka. Breki zile nimechagua mimi."

Wendelin alikuwa hatua mbili pembeni, na alisikia kila neno. Akaomba samaki wawili, na yule mkubwa akampa mzee.