Kuvua Mchangani

Mimi nilijifunza kuvua samaki kwenye mto usio na maji. Tarach yetu ya Kakuma ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na siku maji yakija, huja kwa hasira. Jordan, rafiki yangu wa utotoni, alinitumia ufito wa kuvulia kutoka Amerika, akampa mgeni mmoja wa kanisa aniletee. Ulikuwa mrefu na mwepesi, na chini yake una gurudumu dogo la kuzungushia mshipi. Kisha akawa ananifundisha kwa video.

Kila jioni nilipofunika cherehani yangu, niliteremka mtoni, nikaweka beseni mchangani, nikarusha mshipi mpaka ncha yake itue ndani ya beseni. Badala ya ndoana nilifunga kipande cha sufu. Watoto walikuja kunicheka. Watu wazima walipita mbali kidogo, wakisema fundi wa nguo amerukwa na akili, siku hizi anavua mchanga. Niliwaacha waseme. Beseni nililipata hata upepo ukivuma, na ukweli ni kwamba nilianza kuringa.

Jordan tulikua naye ua mmoja katika kambi ya wakimbizi. Wao Wakongo, sisi Warundi, mama zetu wakiazimana chumvi. Alipopata bahati ya kupelekwa Amerika, wenzake walinunua magari ya kujionyesha. Yeye akaingia wazimu wa kuvua kwa nzi. Nzi mwenyewe si nzi, ni ndoana iliyofungwa manyoya ili samaki adanganyike. Alituma picha akiwa na marafiki zake kwenye mito ya jangwa la huko, na nyingine wakiwa baharini, maji hadi kiunoni, meno yote nje. Kila samaki waliyemshika walimpiga picha, kisha wakamrudisha majini.

"Unashika samaki, kisha unaachilia?" mama yake, Mama Godelieve, alimuuliza alipokuja likizo mwaka huu. "Huko ndiko walikufundisha hiyo akili?"

Jordan alicheka tu. Alikuwa na mpango wake: kwanza mto Turkwel pale Lodwar, na Ebei, rafiki yetu wa shule, halafu sote watatu twende Ziwa Turkana, ikiwezekana mpaka Todonyang, kaskazini kabisa. Mama Godelieve hakutaka kusikia. Tarach ilimchukua Magloire, mwanawe wa kwanza, akivuka na viatu mkononi, siku ambayo Kakuma haikuwa imepata hata tone la mvua. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Lakini Jordan akishaamua jambo, huwezi kumbadilisha.

Asubuhi ya safari Mama Godelieve alinishika mkono, akanivuta kando.

"Daniella, ni weye nakupatia huyu mutoto. Maji ilishakula moya. Unirudishie huyu."

"Ndiyo, mama," nikajibu. Sikujua kuogelea. Sikujua kwa nini nimesema ndiyo.

Njia nzima hadi Lodwar simu yangu haikutulia, Mama Godelieve akiuliza. Mmefika wapi? Amekula? Amevaa kofia? Mwishowe niliitia mkobani nikaacha ilie peke yake.

Ebei alitupokea stendi na pikipiki yake, kamba ndefu ya kufungia mizigo ikiwa imeviringwa nyuma. "Ejok," akasalimu kwa Kiturkana, akamkumbatia Jordan, akamkagua. "Umenona, wewe. Huko hakuna jua?"

Alitupakia wote wawili, akatushusha chini kidogo ya mahali ambapo Kawalase, mto mkavu wa msimu, unaingia Turkwel. Maji ya Turkwel yalikuwa machache, ya rangi ya chai, yanapita polepole. Katikati palikuwa na fungu la mchanga. Jordan alilitazama kama mtu aliyeona kitanda baada ya safari ndefu.

"Jana huko juu kulikuwa na wingu," Ebei alisema.

"Tulia bana. Cheki mbingu, hakuna kitu."

Jordan alinifungia nzi mwenye manyoya mekundu kwenye mshipi wangu, akavua viatu, akavuka, maji hayakumfika hata magotini. Alipokuwa kule alianza kurusha, na siwezi kusema uongo, ilikuwa raha kumtazama. Mshipi ulirudi nyuma, ukanyooka, ukaenda mbele, nzi akatua majini bila kelele. Alimshika samaki mdogo, akatuonyesha, akamwachilia. Ebei alisonya. "Hiyo ilikuwa chakula ya mtu."

Nilijaribu kucheka naye nikashindwa. Macho yangu yalikuwa juu ya mto. Nilijiambia mimi ni mwoga, kwamba Mama Godelieve ameniambukiza. Kisha ng'ambo nikaona mchungaji akiwatoa mbuzi wake mtoni. Hakuwa akiwapigia mluzi kama kawaida. Alikuwa anakimbia, anawapiga.

Ebei naye aliona. Akasimama, akageuza sikio.

"Hiyo sauti si lori," akasema. "Maji inakuja. Jordan! Toka! Toka sasa!"

Jordan aligeuka, akainua mkono kana kwamba anasema nimewasikia, akaanza kukunja mshipi wake. Kukunja mshipi! Huo ndio uliokuwa ujinga wake, kuhurumia kifaa. Alipoingia majini yalikuwa tayari mapajani, yamejaa povu na vijiti, na yakamwangusha. Ufito wake ukaenda. Alitambaa akarudi juu ya fungu la mchanga, na hapo tukaona wote watatu kwamba hawezi kuvuka tena, na kwamba fungu lenyewe linamegeka kingo.

Ebei alifungua kamba, akafunga jiwe, akarusha. Ilianguka nusu ya njia. Akavuta, akarusha tena, ikaanguka palepale. Kamba ilikuwa nzito, imelowa, na Ebei alikuwa anahema. Ndani ya mkoba niliouacha ukingoni simu ilianza kulia. Nilijua ni nani.

Nilikuwa nimeshika ufito wangu. Sikumbuki niliuchukua saa ngapi.

"Mshipi unafika," nikamwambia Ebei. "Akiushika, tunafunga kamba mkiani mwa mshipi, upande wetu, anaivuta kwake."

"Basi rusha!"

Nikarusha nyuma, na ndoana ikanasa kwenye kichaka cha mathenge. Mchangani kwetu hakuna miti nyuma ya mtu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ebei aliinasua, akachanwa na miiba. Hapakuwa na nafasi ukingoni ila mbele, ndani ya maji. Nikaingia. Yalinifika magotini, mchanga ukawa unaondoka chini ya nyayo zangu, na niliogopa hadi nikaanza kulia kwa sauti. Jordan alikuwa amesimama mahali padogo kama mkeka. Nikamtazama kifuani, nikajiambia ni beseni. Ni beseni tu.

Upepo ulikuwa nyuma yangu. Mshipi ukaenda, ukanyooka, ukatua begani mwake. Akaukamata kwa kiganja chote, na nikaona uso wake ukikunjamana: ndoana ilikuwa imemzama mkononi.

Hapo mto ukaushika mshipi katikati, ukauvuta. Gurudumu likazunguka kwa kasi, na mara likawa jepesi. Mkia wa mshipi haukuwa umefungwa kwenye gurudumu. Miezi yote ile niliuzungusha tu, maana mchangani hakuna samaki wa kuvuta, na Jordan hakuwahi kuniambia, kwa kuwa kila mvuvi duniani anajua. Mkia ulikuwa unachomoka, kutoka kipete kimoja cha ufito hadi kingine, unanikimbia.

Niliutupa ufito nikauangukia ule mkia kwa mikono yote miwili. Nilikunywa maji. Mshipi ulinikata viganja, lakini nilikuwa nao. Ebei alinivuta kwa ukosi wa blauzi hadi ukingoni, nikafunga kamba kwenye mshipi. Kufunga uzi ndiyo kazi yangu. Kitu hicho kimoja sikuwa na shaka nacho.

"Vuta!" tukapiga kelele. Jordan akavuta, kamba ikaanza kwenda kwake kama nyoka mvivu. Akajifunga chini ya kwapa. Ebei akazungusha upande wetu kwenye shina la mgunga. Jordan alitutazama mara moja, kisha mchanga ukaisha chini yake.

Hatukumwona. Kamba ilikaza, ikalia, ikasogea ikifuata mto. Nilimwita Mungu na nikamwita Magloire. Kisha kichwa kikatokea karibu na ukingo, chini kabisa ya pale tuliposimama, kati ya mizizi ya mathenge, na Ebei akamfikia kabla yangu, akamshika nywele.

Alitapika maji na mchanga. Mshipi wote ulikuwa umemzunguka shingoni na mikononi, nzi mwenye manyoya mekundu bado yumo kiganjani. Nilimpiga kofi. Kisha nikamkumbatia, nikalia hadharani bila aibu.

"Samahani, Dani," akasema.

Simu ililia tena. Ebei alinitolea mkobani, akanishikia sikioni kwa sababu mikono yangu ilikuwa damu tupu.

"Daniella, mbona haushike simu? Muko wazima?"

"Wazima, mama."

Nadhani alisikia pumzi zangu, au kikohozi cha Jordan, au ule mto. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na samaki? Mulishika?"

Nikamtazama Jordan, mkono wake kifuani na ndoana ndani yake.

"Mmoja, mama."

"Huyo musimuachilie," Mama Godelieve akasema. "Munisikie. Mumulete nyumbani."

"Tunamleta," nikajibu.