Za Gesi au za Mafuta

Fundi wa gereji ile aliitwa Kimya, na waliompa jina hilo walimkejeli tu, maana mdomo wake haukuwa na breki. Ukimwambia saa tatu asubuhi kwamba umegombana na shemeji yako, kufika saa sita muuza mkaa wa mtaa wa pili anakupa pole. Kwa hiyo Bwana Tofali, tangu alipotoka nyumbani na pikapu yake, alikuwa akijikumbusha jambo moja: zungumzia gari, usizungumzie mke.

Bwana Tofali nalo halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alikuwa akibeba matofali ya saruji kutoka kiwandani hadi kwa watu wanaojenga, na mtaa ukaona hilo linatosha kumwita mtu. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa mgonjwa. Saratani iliyoanzia titini ilikuwa imehamia mgongoni, na kila Jumanne alitakiwa hospitali kuu kutundikiwa dripu ya dawa, mara kumi na mbili, bila kuruka hata moja. Walikuwa wameshakwenda mara nne. Njia ilikuwa kilomita arobaini za mawe na makorongo, na hakuna shimo ambalo halikufika mgongoni kwa mama yule. Hakupiga kelele. Aliuma ncha ya mtandio wake, na Jumanne ya nne walipofika hospitali alikuwa ameutoboa kwa meno.

"Mimi kwenye gari hili sirudi," alisema waliporudi nyumbani. "Bora nife nimelala vizuri."

"Shokapu zimekufa, mke wangu. Nitazibadilisha. Utakaa humo kama uko sebuleni."

"Badilisha. Ila usimwambie mtu ni kwa ajili yangu. Wateja wakijua naumwa, watakuja kuchukua vitambaa vyao kimoja kimoja, huku wananiita maskini. Niapie."

Akaapa. Alikuwa mtu wa kuapa kwa shida na kushika kiapo kwa shida zaidi, lakini kwa mkewe hakuwa na ujanja.

Pale gereji Kimya aliweka mikono miwili juu ya bampa la mbele, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Pikapu ikanesa mara nne kabla ya kutulia.

"Mara nne!" Kimya akacheka. "Kaka, hizi zilikufa zamani, wewe ndiye hukupewa taarifa. Nzima inashuka, inarudi, basi." Akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi kichwani. "Na mbele pameinama. Ukipita korongoni unapiga tumbo, hupigi?"

"Napiga."

"Basi tutainua mbele kidogo. Inchi moja na nusu. Vijana wanakuja hapa wanataka inchi nne ili waonekane, mwezi haujaisha tairi zimelika upande mmoja na ekseli zinalia. Wewe ni mtu mzima. Inchi moja na nusu, nakunyooshea tairi, nashusha taa kidogo usiwapofushe wenzako, unakwenda zako."

Mpaka hapo Bwana Tofali alikuwa akijiona mjanja. Mambo yalikuwa ya gari tu. Kwenye benchi alikaa mwalimu mmoja aliyesubiri tairi lake lizibwe, naye alikuwa amefunua gazeti na masikio pia.

Kimya akateremsha maboksi mawili kutoka kwenye rafu, akayaweka sakafuni.

"Kazi iko hapa. Hizi ni za mafuta. Laini. Zinameza shimo kabla hujalijua. Lakini ukizipakia mzigo mzito kila siku, miezi sita tu zimelegea. Na hizi ni za gesi. Ngumu. Ukipakia, gari linatulia tuli. Likiwa tupu, linakurusha mpaka unasalimiana na paa. Sasa nijibu. Unabeba nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mkono wake ulishaanza kwenda kwenye boksi la mafuta. Lakini mtu wa matofali akitaka shokapu laini, si ataulizwa kwa nini? Na huyu wa kuuliza ni Kimya, na yule mwalimu ameacha kufunua kurasa. Bwana Tofali hakujua kutunga uongo wa haraka, akashika ule uliokuwa karibu, ambao nusu yake ilikuwa kweli.

"Si unajua. Matofali."

"Matofali tu?"

"Matofali tu."

Kimya akachuchumaa, akasogea, akateremsha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Kaka, nikishafunga nimefunga. Najua huna uwezo wa kununua mara mbili. Fikiri. Unabeba nini hasa kwenye gari hili?"

"Matofali, fundi! Au unataka nikuletee barua ya serikali ya mtaa?"

Mwalimu akacheka. Kimya hakucheka. Alivuta boksi la gesi na kuanza kutafuta spana.

Jumanne iliyofuata mkewe alifungua mlango wa pikapu, akainua mguu, na mguu haukufika. Inchi moja na nusu tu. Akajaribu tena huku ameshika mlango, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Bwana Tofali akazunguka, akamnyanyua, akamweka kitini. Yeye aliyajua mambo kwa uzito wake, na mikono yake ilimwambia kwamba mama yule hakufika matofali matatu. Akaufunga mlango polepole, akasimama nyuma ya gari mpaka macho yakauke.

Tumbo la gari halikugusa mawe siku hiyo. Hilo tu ndilo jema la kusema. Kwa kila shimo, pikapu tupu iliruka na kutua kwa kishindo, na kila kishindo kilitoka na mlio mdogo kooni kwa mkewe, mlio ambao hakuwahi kuusikia kabla. Bwana Tofali alisimamisha gari mara mbili ili mkewe atapike. Mara ya pili mkewe alijifuta mdomo, akapapasa juu ya dashibodi.

"Gari zuri," akasema. "Litakufaa."

"Unanicheka?"

"Sikucheki. Twende."

Bwana Tofali aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomtesa mtu huyu, kwa neno moja, mbele ya mwalimu mwenye gazeti.

Ndipo akapata akili ya kijinga. Kama gari linatulia likipakiwa, basi litapakiwa. Jumanne ya sita alipakia matofali thelathini, akayapanga vizuri juu ya ekseli ya nyuma, akayafunga kwa kamba. Pikapu ikaenda imetulia. Si sebuleni, lakini mtandio haukuingia mdomoni.

"Matofali ya nani haya?" mkewe akauliza walipokaribia hospitali.

"Yako."

"Tunampelekea daktari ukuta?"

Alipoelewa, aligeuza uso dirishani mpaka getini. Bwana Tofali alidhani amefurahi.

Wakaenda hivyo Jumanne nne. Matofali yaleyale yalikwenda yakarudi, hayakujenga hata choo. Mlinzi wa geti alianza kuuliza ni jengo gani linalojengwa kwa kasi ya namna hiyo. Barabara ya saa mbili ikawa ya saa tatu, na mwanamke akazidi kuwa mwepesi. Mara ya tisa daktari alimwita Bwana Tofali pembeni na kumwambia asimchoshe tena. Mkewe alifariki Ijumaa mchana, na gauni la mteja lilibaki kwenye cherehani, pindo likiwa limeshonwa nusu. Baada ya yote aliyoyaficha, mtaa mzima ulijua kwa siku moja.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi aliipeleka pikapu gereji. Hakusalimia.

"Zing'oe," alisema. "Zing'oe zote nne. Ukitaka, zitupe."

"Kaka, keti kwanza. Pole."

"Siketi. Nilikudanganya, fundi. Uliniuliza nabeba nini, nikasema matofali. Sikununua shokapu kwa ajili ya matofali. Nilikuwa nambeba mke wangu, mgongo umeoza, nami nikamwekea za gesi kwa sababu niliogopa mdomo wako."

Kimya akafuta mikono kwa tambara. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Shemeji alikuja hapa siku mbili kabla yako. Alikuja kwa miguu, akakaa kwenye benchi lile nusu saa ndipo akaweza kusema. Akaniambia, mume wangu atakuja kutaka shokapu, atataka za kunibeba mimi. Usimpe. Mfungie za kazi. Mimi safari zangu ni chache, nitazivumilia. Yeye atabaki na matofali, na gari likimlegea hatakuwa na kitu." Kimya akakunja lile tambara. "Aliniapisha kwa wanangu nisiseme. Mimi, kaka. Unajua nilivyo. Nilikuwa nalala nimeziba mdomo kwa shuka."

Bwana Tofali alishika bampa.

"Lakini nilisema moyoni, akitamka mwenyewe kwamba ni mkewe, nitavunja kiapo, nimfungie laini. Ndiyo maana nilikuuliza, nikakuuliza tena. Nilikuuliza mara tatu, kaka."

Akaenda kwenye rafu, akateremsha boksi la mafuta. Lilikuwa na vumbi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa chaki: limeshachukuliwa.

"Nililiweka. Nilidhani ungerudi hata baada ya safari moja. Nikufungie sasa?"

"Nimbebe nani?" akasema Bwana Tofali.

Kimya akalirudisha boksi kwenye rafu. Bwana Tofali alikandamiza bampa kwa uzito wake wote, akaachia. Pikapu ikashuka, ikarudi mara moja, ikatulia. Akaingia, akaenda kiwandani, akapakia matofali sitini ya mtu anayejenga duka. Korongoni gari lilipita bila kuyumba, kama mkewe alivyotaka, naye alilia njia nzima.