Kisanduku cha Hiari

Jumapili ile kwaya ilikatika vipande viwili katikati ya wimbo. Kwenye nakala, kipande cha sauti ya juu cha mwimbaji mkuu kilikuwa kimefungwa kwa mabano tu, bila maelezo. Nusu ya waimbaji wakadhani mabano maana yake imbeni kwa sauti ya chini, nusu wakaruka. Mwimbaji mkuu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudi baada ya kuugua mapafu, akabaki mdomo wazi, pumzi zimemwishia.

"Ikitokea tena, nafasi yangu nampa mwingine," alimwambia wifi yake, ambaye ndiye huinakilia kwaya nyimbo.

"Utampa nani, wifi, na sauti yenyewe umeificha kifuani? Lete hizo karatasi. Kosa ni la mkono wangu, si la mapafu yako."

Wifi akasali kidogo, akachukua rula. Akakizungushia kile kipande kisanduku chekundu. Juu yake akaandika: HIARI. Chini yake: Anayeamua ni mwimbaji mkuu. Akishusha karatasi yake, wote rukieni kwenye nyota. Mwisho wa kisanduku akachora nyota nene.

Halafu akakunja uso. Nyota ilikuwa imeangukia nyuma ya karatasi. Nani ataruka huku anafunua? Akaichana, akaanza upya, kisanduku na nyota vikakaa ukurasa mmoja. Nakala thelathini zote kwa mkono, na ya mpiga kinanda, maana fotokopi ingeugeuza wekundu kuwa weusi.

Mwimbaji mkuu alikaa akimtazama, moyo umemjaa. Hata mistari yote ilikuwa na unene mmoja!

"Mkono hautakuuma, wifi?"

"Uniume tu. Wewe kazi yako ni kupumua."

Jumapili iliyofuata, walipofika kwenye kisanduku, mwimbaji mkuu alivuta pumzi, ikaishia njiani. Akashusha karatasi yake. Sauti zote na kinanda zikatua kwenye nyota kwa pigo moja, kama mtu mmoja karuka kidimbwi. Naye akawakuta pale pale, akaimba nao mpaka Amina.

Nje, mzee wa kanisa akampa mwimbaji mkuu mkono. "Wimbo wa leo umetiririka, mama. Haukukatika popote."

"Mshukuru Mungu, kisha yule pale mwenye wino vidoleni."

Katibu wa kwaya akaja na daftari lake. "Na Jumapili ijayo, nimwandike nani kuimba mbele?"

"Niandike mimi," akasema mwimbaji mkuu.